Jumapili Ziwani

Miaka ile Manyara ilipokuwa mkoa mpya, mji wetu wa Babati ulijaa wageni na kelele za ujenzi. Kila Jumapili baada ya ibada, mimi na mke wangu tulizikimbia kelele hizo tukaenda ziwani. Yeye alizaliwa milimani Mbulu na hakuwahi kupanda mtumbwi kabla hatujaoana, lakini alilipenda lile ziwa kuliko mimi. Mimi nilipiga kasia nyuma. Yeye alikaa mbele akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kijiti, ili viboko wajue tunapita wasishtuke.

Siku moja maji yalitulia hata mlima Kwaraa ukaonekana mzima ndani yake.

"Hebu acha kugonga, mama," nikamwambia. "Tusikilize ndege."

"Na viboko?"

"Wamelala."

Akaacha. Haukupita muda kiboko akaibuka kando yetu, mtumbwi ukayumba, mke wangu akatumbukia kwenye matete. Nilimvuta, tukafika ukingoni salama.

Wavuvi waliokuwa pale wakacheka. "Mzee, leo umemwogesha mama!"

Kwa aibu, nikacheka nao. "Wanawake wa milimani hawajui kukaa mtumbwini," nikasema.

Alikamua kitenge chake, akatangulia nyumbani Nangara.

Jumapili iliyofuata nilisimama mlangoni na kasia, nikimsubiri. Alikuwa anachambua maharage.

"Nenda tu, baba watoto," alisema.

Nilipaswa kuweka kasia chini na kumwomba radhi. Nikaenda peke yangu, na Jumapili zote zilizofuata pia.