Sahani Iliyokaa Kimya

Mama yangu hajawahi kulala na habari njema mdomoni. Nilipompigia simu kumwambia nimeona seli za ubongo zikizungumza, sijamaliza kueleza, jirani alikuwa ameshajua. Jioni akanipigia yeye: kutakuwa na ibada ya shukrani Jumapili ya wiki ijayo, kanisani kwetu Kajiado, mbuzi ameshapatikana, na mimi nitatoa ushuhuda.

"Mama, si ungengoja kidogo?"

"Ningoje nini? Si umesema umeziona?"

Nilikuwa nimeziona, ndiyo. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa nasomea shahada katika maabara moja Nairobi, huku nimepanga chumba Kitengela. Kazi yangu ilikuwa seli za neva za panya, zilizo hai, tulizozikuza kwenye visahani vya kioo. Seli hizo huzungumza kwa kumwagiana kemikali kutoka vifuko vidogo mno. Tulivijaza vifuko hivyo rangi inayong'aa, kisha tukazishtua seli kwa umeme. Kifuko kikifunguka, rangi inatoka na mng'ao unafifia, na kamera iliyofungwa kwenye darubini inapima umefifia kiasi gani. Wangu ulififia vizuri ajabu. Nilitoka mle ndani nikitaka kumwambia kila mtu, nikaanza na Mama, na ikawa nimemwambia kila mtu kweli.

Jumamosi nikashusha shuka nyekundu niliyoitundika dirishani kama pazia, niifue. Pale ilipokuwa imekunjwa ilikuwa nyekundu kama siku niliyoinunua. Kwingine kote ilikuwa imepauka, na hakuna aliyeigusa ila jua.

Nikakaa kitandani na shuka yangu mapajani. Taa ya darubini ni kali kuliko jua la Kitengela. Je, kama ni taa iliyopausha rangi yangu, na seli hazikusema lolote? Kipimo cha kunijibu nilikijua: sahani nyingine, rangi ileile, taa ileile, muda uleule, bila umeme. Nilikuwa nimekipanga kuja baadaye, maana zamu za darubini zilikuwa chache. Iliyokuwa karibu ilikuwa ya Alhamisi.

Wiki ile chakula hakikushuka. Mama alipiga kuuliza nitakuja na wageni wangapi, nikamjibu kwa mkato mpaka akanuna. Kuanza kazi upya ningeweza. Nilichoogopa ni kusimama mbele ya akina mama walioniombea tangu shule ya msingi, niwaambie uongo mzuri.

Alhamisi niliweka sahani, nikawasha taa, nikaikalia mikono yangu ili nisiguse kitufe cha umeme. Mng'ao ulipungua kidogo, kidogo tu, halafu ukatulia. Muda ulipoisha vifuko bado vilikuwa vinawaka. Hapo ndipo nikabonyeza kitufe, na vikafifia mbele ya macho yangu. Nililia palepale, kwa raha tupu. Kisha nikaenda kununua chapati na maharagwe, nikala nikiwa nimesimama.

Kanisani nilieleza yote: shuka, taa, na sahani niliyoiacha bila umeme. Mama, kwenye kiti cha mbele, uvumilivu ukamwisha.

"Subiri kwanza. Hiyo yenye haikufanya kitu ndiyo unashukuru?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

Nilidhani watacheka. Akasimama mama mmoja wa wale walioniombea, ambaye mwaka ule aliitwa tena hospitali kwa sababu ya uvimbe kifuani, na kanisa zima likafunga na kuomba kwa ajili yake.

"Mimi nilirudi, daktari akaangalia, akakosa kitu," alisema. "Hiyo shukrani naijua. Amina."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akawa wa kwanza kupiga makofi.