Injini Iliyopewa Mafuta ya Kondoo

Mashine yetu ya kusaga ilinyamaza siku ya mgao wa mahindi ya njano, foleni ya wanawake imezunguka kibanda mpaka kwenye zizi. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta, mahali pangu pa kila siku. Injini ikatoa mlio kama mtu anayekabwa koo, gurudumu likagoma, mkanda ukaruka ukamkosa mzee mmoja kidogo tu. Halafu kimya. Wenzangu wakapiga yowe, "Yoo, tumekwisha!" Maana yale mahindi ya msaada yalikuwa magumu kama kokoto, ukiyaweka kwenye jiwe la kusagia yanaruka yanakucheka.

Mimi nikaona tu ukuta umeacha kutikisika.

Sasa nyie mnanijua, mimi nikianza kuongea hata kuku wanaingia bandani mapema. Basi mwaka ule nilikuwa siongei. Nilikuwa nimekufa ganzi. Mtu akinisalimia naitikia, nikipewa jembe nalima, nikipewa chakula nakula. Lakini ni kama anayekula ni jirani.

Nilikuwa nimezaa mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Hakukaa. Hata jina hakuwa amepewa. Kwetu kichanga wa namna hiyo hawekewi matanga. Wanawake ndio wanamzika nyuma ya nyumba, wanaume wanakaa mbele wanaongea habari za mvua, na mama anakatazwa kulia, wanasema ukilia unalifunga tumbo. Basi sikulia. Nilikuwa binti mtiifu! Nikaambiwa nyamaza, nikanyamaza, na nilipotaka kuanza tena kuongea nikakuta hakuna kitu cha kusema.

Kitu nilichokuwa nakisikia mwilini ni ule ukuta. Injini ikiunguruma, ukuta wote wa udongo unatetemeka, na ukiuegemea inakuingia mgongoni, inapanda mpaka kwenye meno. Ndiyo maana nilikuwa nakwenda pale kila siku, niwe na nafaka nisiwe nayo. Watu walidhani namfuata mume wangu, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mtu wa mashine. Kijiji kilimchagua tulipohamishiwa pale barabarani wakati wa vijiji vya ujamaa, huku njia ya Ihanja, kwa kuwa ujana wake aliwahi kwenda kwenye mkonge Tanga akajifunza kushika spana. Walikuwa wanatutania, "Hawa wanapendana hawa!" Mimi nilikuwa nafuata ukuta.

Sasa injini iliuawa na nini? Hapo ndipo mtacheka.

Kwetu mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, anachinjiwa kondoo. Ule mkia wake mnene unayeyushwa, mafuta yanawekwa kwenye kibuyu. Mama anatiliwa kwenye uji apate nguvu, mtoto anapakwa mwili mzima. Ni mafuta yao wawili hayo. Hayaliwi na mtu mwingine, wala hayamwagwi chini. Basi kibuyu changu kilibaki karibu kimejaa, kinaning'inia kwenye boriti. Kila nikilala nakiona. Mama mkwe naye anakiona, anakwepesha macho. Alishasema, "Hayo mafuta yatoke humu ndani," lakini yatoke yaende wapi? Hajui. Na mimi sijui.

Na oili ya injini ilikuwa imeadimika. Ukienda Ikungi hakuna, ukienda Singida mjini unaambiwa kesho. Mchana mmoja mume wangu akaingia ndani, akasimama chini ya kile kibuyu akakiangalia muda mrefu.

"Chuma kinakauka," akasema. "Kinahitaji utelezi."

Nikamwambia, "Chukua."

"Mama je?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua mlenda, amesikia kila kitu. Akasema, "Kuna mtu amekiwekea chuma mwiko? Hayaliwi na mtu, hayamwagwi chini. Chuma si mtu, wala si chini. Mpelekee."

Yaani tulifurahi! Hata yeye mume wangu alikishusha kile kibuyu kama anayetua mzigo. Nadhani kila mtu mle ndani alikuwa anatafuta mlango wa kukitoa, na injini ndiyo ikawa mlango.

Ikala yale mafuta. Ikaenda vizuri mwanzoni, kijiji kizima kinanukia nyama choma, watu wanameza mate kwa njaa. Mimi nimeegemea ukuta wangu. Halafu ndio ile siku ya mgao, ikakabwa.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, na akamleta fundi kutoka Singida mjini, mtu mmoja wa madukani, Mwislamu, kofia safi na suruali chafu. Fundi akatandika gunia akaifungua injini mbele yetu sote. Akachungulia. Akanusa. Akanusa tena, akageuka.

"Nyie," akasema, "mlikuwa mnasaga au mnapika?"

Watu wakaangua kicheko. Akaingiza kidole akatoa kitu cheusi kimeganda kama ukoko wa sufuria. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mdomo wake haukuwa na breki, akaionyesha injini akasema kwa sauti, "Fundi, mwache, huyo ni mzazi! Amejifungua juzi, tumempa mafuta ya kondoo, bado uji tu!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Halafu mmoja akanitazama, akaacha. Mwingine akaacha. Wifi yangu akaziba mdomo na khanga. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa kuwa ilikuwa zamu ya kucheka, na kwa kweli maneno yenyewe yalikuwa mazuri, hata leo nayarudia mwenyewe nikicheka.

Mwenyekiti akasimama. "Ndugu wanakijiji, mambo ni mawili. Tuitengeneze hii, au tuombe mpya. Wilayani wamesema tukiomba mpya tutapewa, ila hii ya zamani wanaichukua kama chuma chakavu. Na mpya itakuja na kijana wake aliyesomea mashine. Huyu ndugu yetu," akamwonyesha mume wangu, "atarudi kwenye jembe kama sisi wengine. Hakuna ubaya."

Mume wangu alikuwa anafuta spana moja ile ile na kitambaa, anafuta, anafuta.

"Mpya inakuja lini?" akauliza mzee mmoja.

"Ikija itakuja."

"Haya. Hata mvua uliniambia ikija itakuja."

Mwenyekiti akamgeukia fundi. Fundi akasema chuma chenyewe kizima, hakijapasuka. Pistoni ndiyo imeganda na yale mafuta. Iloweshwe mafuta ya taa, ilainike, ikwanguliwe, itiwe ringi nyingine ambazo anazo dukani. "Lakini siwadanganyi," akasema, "haitakuwa kijana tena. Itakuwa mzee aliyetibiwa."

Hapo ndipo maneno yakawaka. Wanaume wengi walitaka mpya. Walikuwa wameshaiona ile mpya kichwani, inang'aa rangi, kijiji cha jirani kinaumia roho. "Ng'ombe aliyekufa havutwi," mmoja akasema. Mama mkwe akamjibu palepale, bila hata kusimama, "Hajafa huyo. Amekwama matopeni. Ng'ombe akikwama unaenda kununua mwingine? Unamvuta mkia!"

"Mama, wewe unamtetea mwanao."

"Ndiyo, namtetea. Ulitaka nimtetee wa kwako, yule anayelala mpaka jua la saa nne?"

Kicheko tena. Mwenyekiti akapiga makofi tunyamaze, akasema wanaosaga ni wanawake, basi na wanawake waseme. Wanawake nyumbani tunasema sana, mkutanoni tunaangalia vidole vya miguu. Wifi yangu akanisukuma kwa kiwiko. Sijui kwa nini mimi. Labda alikuwa anajuta yale maneno yake, anataka kunipa nafasi.

Nikasimama. Shikamoo sikutoa, salamu za mkutano sikutoa, adabu yote ilinitoka. Nikasema, "Mpya sijui itakuja lini, na mimi nataka hii ingurume. Na mafuta yaliyomo humo ni ya mtoto wangu. Mkiipeleka wilayani wataitupa uani na mafuta yake humo ndani. Hayatupwi yale. Kwanza yatolewe."

Nikakaa. Nilisema kama mtu anayeagiza chumvi. Lakini wanaume wale waliokuwa wanaongea habari za mvua siku tulipomzika mtoto, safari hii hawakuwa na mvua ya kuongelea. Yule aliyesema ng'ombe aliyekufa havutwi ndiye alinyoosha mkono wa kwanza. "Itengenezwe," akasema, akitazama chini. Wengine wakafuata.

Basi ikaloweshwa. Fundi akalala kijijini kwetu, akichinjiwa kuku na mtu wa imani yake, anakula mlenda wetu anasema unateleza kuliko oili. Chuma kilipolainika akakaa kukwangua, na mama mkwe akaja na kile kibuyu, akakiweka pembeni mwa gunia. Kila ukoko unaotoka, mume wangu anaupokea kwa kijiti anautia kibuyuni. Fundi aliwatazama wale watu wawili, mama na mwana, akaendelea na kazi yake. Yakaisha. Mama mkwe akaziba kibuyu kwa gunzi, akaniita kwa kichwa, tukaenda nyuma ya nyumba, pale tulipomlaza mtoto. Akachimba, akakilaza kibuyu kizima. "Sasa hayajamwagwa," akasema. Nikasubiri nisikie kitu mwilini. Sikusikia. Niliona tu kucha zake zina udongo.

Siku ya kuiwasha watu walijaa. Fundi alikuja na oili ya kopo, ya kweli. Mume wangu akashika hendeli akazungusha. Ikakohoa. Akazungusha tena, shati limemgandia mgongoni. Ikatoa moshi mweupe, na ile harufu ya mwisho ya nyama choma, kidogo tu, ikapita juu ya vichwa vyetu. Halafu tu-tu-tu-tu, ikashika. Vigelegele! Wifi yangu anacheza na ungo kichwani.

Mimi nikaenda kwenye ukuta wangu, nikaegemea.

Ulitikisika, lakini sio kama zamani. Ile ilikuwa inapanda mpaka kwenye meno, hii inaishia mabegani. Fundi alikuwa amekaza kitu, au ni uzee wa injini, sijui. Nilikaa pale mpaka zamu yangu ikafika, nikainuka kama wengine.

Mume wangu akanisagia mahindi yangu mwenyewe, akakung'uta mfuko vizuri, akanitwisha. Unga wa mashine ukitoka unakuwa wa moto, nyie mmezoea wa pakiti hamjui. Nilikuwa nimesahau ngata. Kile kipande cha nguo cha kuweka kichwani, nimekiacha nyumbani. Nikatembea nao hivyo hivyo, na ule moto ukashuka, ukapenya mfuko, ukaingia kwenye utosi. Nilipofika mlangoni nikasema kwa sauti, "Mama! Nitue, huu unga unaniunguza!"

Mama mkwe akainuka haraka, akanitua. Akanitazama kichwani, akanishika utosi kwa kiganja, akakiacha hapo. Halafu akamwita wifi yangu.

"Njoo usikie. Leo huyu amelalamika."

"Amesema nini?"

"Eti unga unamuunguza." Akanipa ungo. "Haya, umeshafika. Ingia ukapike."