Gathoni na Shimo Tuliloliita Kilima

Naandika hii na bado siamini. Jana asubuhi Gathoni alikuwa kwenye group yetu ya class akinicheka mvi. Jioni dadake akanipigia simu akilia: Gathoni ametuacha. Woiye!

Kwa wasiomjua: msichana wa Gatitu, kule Nyeri, mtaalamu wa miamba, alikuwa kwenye timu iliyochagua pa kutua rover, lile gari lisilo na dereva linalochunguza Mars.

Mimi nilimjua miaka ya sabini, bweni moja, sweta imetoboka viwiko. Alimaliza githeri yake, mahindi na maharagwe, halafu akaomba "kidogo tu ya kuonja" kwangu. Kidogo yake ilikuwa nusu sahani.

Science club ilipewa picha ya Mwezi. Tukaambiwa: chagueni pa kutua gari, mshindane na shule nyingine. Zawadi ni safari ya Nairobi, na mimi mwenyekiti sikuwa nimevuka hata Karatina.

Tukachagua kilima kipana, juu tambarare. Nikachora chati kwa wino.

Asubuhi ya mashindano Gathoni akanifuata kwenye bomba na picha mkononi. "Wairimu, hii si kilima. Ni shimo! Jua inatoka hii side ingine."

Sisi wa Nyeri jua letu hutoka upande wa Mlima Kenya, kulia kwa ramani. Picha tuliisoma hivyo hivyo. Kumbe mwanga wake ulitoka kushoto, na kila shimo tuliliona kilima.

"Wacha kiherehere," nikamwambia. "Chart imeisha."

Nilieleza vizuri sana mbele ya majaji. Nilipomaliza tu, Gathoni akainua mkono. "Samahani mwalimu, tumekosea. Hapo gari yetu itatumbukia."

Wengine wakaenda Nairobi. Sikumsemesha muhula mzima, na yeye kila siku saa nne alinishikia nafasi kwenye foleni ya chai.

Miaka mingi baadaye akanipigia kutoka kazini kwake ng'ambo, kicheko tupu. "Ati wananiuliza landing site! Nikawauliza, kwanza jua iko wapi? Meeting yote ikarudi kuangalia picha. Nikawaambia hiyo tulikosea zamani, mimi na rafiki yangu."

Tulikosea. Maisha yake yote alisema hivyo, hata mara moja hakusema nilikosea mimi.

Gathoni, ulidhani siku ile sikukuelewa. Mimi lile shimo nililiona siku mbili kabla yako. Nikanyamaza kwa sababu niliitaka Nairobi. Uliposimama nikaona aibu, na aibu yangu nikakubebesha wewe.

Nilikuwa nikuambie ukija Desemba. Nilishasema hivyo Desemba nyingi, tukaishia kunywa chai na kucheka.

Basi nakuambia hapa, watu wote wakisoma. Nisamehe, rafiki yangu.

Lala salama, Gathoni. Kosa lilikuwa langu.