Orodha Aliyoisoma Wandera Akiwa Juja Road

Saa kumi na moja na robo alfajiri, pikapu nyeupe inasimama mbele ya lango la chuma mtaani Eastleigh, Section Three. Dereva anashuka, anafungua mlango wa abiria na kusubiri. Ruqiyo, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, anatoka taratibu kwa magongo mawili. Mguu wake wa kulia umeishia gotini.

Kabla hajapanda, anamnyooshea dereva kiganja. Silvanus Wandera anampa simu yake. Ruqiyo anaizima na kuitia mkobani, na hapo ndipo safari ya kwenda soko la mbuzi la Kiamaiko inapoanza.

Mtu asiyewajua angedhani ni dada na mdogo wake aliyelelewa vizuri. Ukweli ni mzito kuliko hapo. Aliyemgonga Ruqiyo hata mguu ukakatwa ni Wandera, na alimgonga kwa gari hili hili.

Wandera, sasa ana miaka arobaini na sita, ni fundi wa kunyoosha bodi za magari huko Baba Dogo. Kabla ya hapo alichomelea milango kwa miaka kumi na minne katika kiwanda cha kuunganisha magari. Pikapu hii aliinunua huko huko, na anaamini milango yake aliichomelea mwenyewe.

Miaka minne iliyopita kiwanda kilikuwa kinayumba. Wanunuzi walikimbilia magari ya mtumba, na yale mapya yakabaki uani yakipauka rangi kwa jua. Wafanyakazi wakapunguziwa kazi hadi siku tatu kwa wiki. Kisha wakaambiwa kwamba themanini wataachishwa, na orodha ya majina itatumwa kwenye kikundi chao cha WhatsApp.

Orodha iliingia Jumanne jioni, Wandera akiwa kwenye usukani, Juja Road.

"Nilijiambia naangalia mara moja tu," anasema. "Lakini majina yalikuwa yamepangwa kwa herufi, na mimi ni W. Ilibidi niteremke nayo mpaka chini kabisa. Ningekuwa naitwa Abuya, Mama Anisa angekuwa na miguu yake yote miwili."

Mama Anisa ndivyo anavyomwita Ruqiyo, kwa jina la binti yake. Jioni ile Ruqiyo alikuwa anavuka barabara akitoka Kiamaiko, anakouzia chai na mikate laini ya anjera, na mikononi alibeba thermosi mbili tupu. Wandera hakukanyaga breki. Analisema hilo bila kuulizwa, na hajitetei.

Kesho yake mwenzake wa kiwandani, Ndete, alimpelekea chai kwenye seli ya polisi alikolala, akampa na hongera. Jina la Wandera halikuwemo kwenye orodha. Miezi saba baadaye kiwanda kilifunga lango kabisa, na wale waliobaki wakatoka pamoja na hongera zao.

Wazee wa pande mbili waliketi kwa maslaha nyumbani kwa Abdiwali, shemeji yake Ruqiyo, ili mambo yaishe kwa maelewano. Walitarajia Ruqiyo ataje fidia. Yeye akasema maneno machache tu.

"Alinigonga nikitoka kazini. Basi awe ananipeleka kazini. Na simu yake nitaishika mimi."

Wazee walidhani ni hasira ya mwezi mmoja. Wandera hajakosa siku hata moja ya soko tangu hapo.

Kazi ya Baba Dogo imempa macho mengine. Anasema gari la dereva aliyeshtuka huumia ubavuni kwa sababu alijaribu kukwepa. La mwenye simu huja limeumia mbele, katikati, kama mtu aliyeingia ukutani akitembea. Kwa wiki anapokea mawili au matatu ya namna hiyo.

Watengenezaji wa magari nao hawaachi salama. "Wanalia hawauzi, halafu wanamwekea dereva kioo kikubwa kama televisheni," anasema. "Sisi tulijisifia mlango ukifungika vizuri. Sasa mtu anauliza kioo ni inchi ngapi." Pengine anawaonea, lakini ni vigumu kubishana naye ukiwa umeketi kando ya Ruqiyo.

Siku njema humwingizia Wandera shilingi elfu moja na mia mbili, na mia nne kati ya hizo ni za kukodi mashine ya kuchomelea. Watoto wake wawili wako sekondari. Ndiyo maana wiki iliyopita, kampuni moja ya kusambaza mizigo ilipompa kazi ya udereva kwa elfu arobaini na tano kwa mwezi, hakulala.

Oda za kazi hiyo huingia kwa simu, na dereva ana sekunde ishirini za kukubali, gari likiwa linatembea. Aliuliza kama anaweza kuegesha kwanza. Kijana wa ofisini akamjibu kwa upole, "Mzee, ukipaki ndio ujibu, oda imeenda." Anatakiwa kuanza Jumatatu, alfajiri, saa ile ile anapompeleka Ruqiyo sokoni.

Leo, pikapu ikiwa imesimama Kiamaiko, anamweleza Ruqiyo yote, huku macho yake yako kwenye usukani.

"Mimi nilikusamehe Ramadhani ya mwaka juzi," anasema Ruqiyo. "Sikukwambia, maana niliogopa utaacha kuja, na nimekuzoea. Wallahi, huo ulikuwa uchoyo wangu. Sasa nimekwambia. Una watoto. Nenda."

Wandera analia waziwazi, mtu mzima, watu wa mbuzi wakipita. Kisha anashuka, anamfungulia mlango na kumshika mkono hadi kwenye benchi lake la chai.

Akirudi Baba Dogo anasema kazi ile ataikataa leo kabla ya saa sita. Amesikia kuna mashine ya kuchomelea iliyotumika inauzwa karibu na Muthurwa. Akiipata, ile mia nne ya kila siku itabaki nyumbani, na polepole atafungua gereji yake. Ruhusa aliyopewa asubuhi hii anaishukuru, ila haimtoshi.

"Yeye amenisamehe," anasema. "Yule atakayekuwa anavuka Jumatatu, bado hajanisamehe."