Saini ya Mzee Bernado

Yuliana Nyamburi alikuwa mtendaji wa kijiji cha Nyakirongo, upande wa Butiama, kwa miaka tisa. Alifungua ofisi mapema, akafagia mwenyewe, akaweka viti viwili nje kwa ajili ya wazee wasioweza kusimama. Mwenyekiti wake, Mzee Bernado Mniko, alipenda kuwaambia wageni, "Kijiji hiki kina mtendaji. Mimi ni saini tu."

Ulikuwa utani, lakini ulikuwa na ukweli wake. Kisukari kilikuwa kimeanza kula macho ya Mzee Bernado. Kila mwezi alikwenda kliniki Musoma, na mara nyingine alikaa wiki mbili nzima kwa binti yake Marcelina, mtaa wa Mukendo hukohuko mjini. Ili watu wasikwame, alimwachia Yuliana karatasi tupu alizokwisha kuzisaini chini.

"Mwanangu, mtu akija na mgonjwa asinisubiri mimi," alisema. "Andika barua yake, gonga muhuri, mpe aende."

Haikuwa halali, na wote wawili walijua. Lakini wagonjwa walifika hospitali kwa barua zile, na watoto wakapokelewa shuleni kwa barua zile, na Yuliana hakuwahi kuitumia hata moja kwa jambo lake mwenyewe. Mpaka alipokuja Clever.

Clever alikuwa mdogo wake wa mwisho, wa tumbo moja. Alifanya kazi kiwanda cha samaki Musoma hadi walipopunguza watu, kisha akazunguka kwenye mashimo ya dhahabu ya wenzake akichimba kwa kubahatisha. Mwaka ule alirudi nyumbani na kipande cha jiwe jeupe lenye mstari wa njano mwembamba kama uzi. Alikuwa amelipata Mlima Sambaya.

Sambaya haukuwa mlima wa mtu, ndiyo kusema ulikuwa wa kila mtu. Ng'ombe walilishwa pale, kuni zilitoka pale, na upande wa mashariki kulikuwa na chemchemi iliyonywesha nusu ya kijiji. Maombi ya leseni ndogo ya uchimbaji yalipitia kwenye kompyuta, lakini kwa kuwa ardhi ni ya kijiji, ilitakiwa iambatanishwe mihutasari ya mkutano mkuu uliokubali, pamoja na orodha ya waliohudhuria. Yuliana aliitisha mkutano mara moja. Mvua ikanyesha, watu wakaenda kupanda, wakaja kumi na wawili.

Siku ya tatu yake Clever aliingia ofisini bila kubisha.

"Dada, kuna mtu wa Bunda ameshapima palepale. Akinitangulia siku moja tu, basi. Anayewahi ndiye anapewa."

"Mwenyekiti yuko Musoma. Na mkutano haujakaa."

"Utakaa lini? Wiki ijayo watakuwa bado wanapanda." Alikaa, akaegemeza kichwa ukutani. "Dada, mimi nimechoka kuwa mtu wa kuazima koleo. Wewe mwenyewe unajua watu wangekubali. Nani angenikatalia hapa?"

Yuliana alimtazama. Alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki, akambeba mgongoni kwenda naye shambani. Akafungua droo.

Aliandika mihutasari kwa mwandiko wake mzuri, akataja ajenda, akataja maswali ambayo hakuna aliyeyauliza na majibu ambayo hakuna aliyeyatoa. Aliitumia karatasi ya Mzee Bernado kwa ukurasa wa mwisho. Kisha akatoa pini kwenye mahudhurio ya mkutano wa mwezi uliopita, ule wa pampu ya maji, watu mia moja na kumi na wawili, akayabana nyuma ya mihutasari mipya. Kazi yote haikumaliza saa moja.

Leseni ilitoka. Hakuna ofisa aliyekuja kuutazama mlima, wala aliyempigia simu hata mtu mmoja kati ya wale mia moja na kumi na wawili. Clever akaweka vigingi, akaleta wachimbaji na mashine ya kusaga mawe, na kwa kuwa mwamba wenye dhahabu ulianzia juu ya chemchemi, walianzia huko.

Kiangazi kilipofika maji yalikuwa ya kahawia, baadaye yakawa tope. Wanawake walianza kwenda kijiji cha jirani, saa mbili kwenda na kurudi. Mwezi wa nane ng'ombe wa maziwa wa mwanakijiji mmoja, Magige, alitumbukia kwenye shimo lililoachwa wazi. Magige akashuka kwa kamba kumwokoa, kingo zikabomoka, naye akavunjika paja. Siku hiyo kijiji kikawaka.

Mkutano uliitishwa, na safari hii walijaa hadi barabarani. Ofisa wa kata alikuja na nakala ya mihutasari. Watu waliposomewa majina yao walipiga kelele; kila mtu aliapa kuwa hakukanyaga mkutano huo. Ofisa akamsogezea Mzee Bernado karatasi. Mzee aliileta karibu kabisa na jicho la kulia.

"Saini ni yangu," alisema polepole. Kisha akageuka upande ambako alijua Yuliana amekaa. "Mwanangu, hii nilisaini lini?"

Yuliana alisema baadaye kwamba kama kuna mahali angepewa kurudi, si ofisini kwenye droo. Ni hapo.

"Labda siku ile ya karatasi nyingi, Mzee," alijibu. "Ulipotoka kliniki."

Mzee Bernado alitikisa kichwa kama mtu anayejitahidi kukumbuka ndoto; zile karatasi tupu hakuzifikiria, kwa kuwa alizitoa kwa ajili ya wagonjwa na watoto wa shule tu.

"Na mwandishi je?" mtu mmoja alipaza sauti. "Huyo Clever si mdogo wake?"

Mzee akasimama. "Mwacheni mtendaji. Yeye anaandika anachoambiwa. Mwenye kijiji ni mimi. Kama nimesaini nisichokiona, kosa ni langu."

Walimvua uenyekiti kwa kunyoosha mikono. Hakubishana. Alishika fimbo yake akaenda nyumbani, na njiani hakuna aliyemsindikiza. Leseni ya Clever haikuguswa, kwa kuwa saini ilikuwa ya kweli.

Kilichomtesa Yuliana zaidi kilikuwa kanisani. Padri alikuja kigangoni kwao mara moja kwa mwezi, na Mzee Bernado hakukosa hata misa moja. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, alinyoosha mkono kushoto, akanyoosha kulia, na watu wakawa wanatazama vitabu vyao vya nyimbo. Mkono ulibaki hewani. Yuliana alitoka upande wa wanawake, akavuka njia ya katikati, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Ni Yuliana, Mzee."

"Asante, mwanangu," alisema. "Wewe tu ndiyo hujanichoka."

Yuliana hakupokea komunyo siku hiyo. Alitoka nje, akakaa kwenye jiwe nyuma ya kanisa mpaka wimbo wa mwisho. Alijiambia kwamba atasema Jumapili ijayo. Akajiambia hivyo karibu miaka miwili. Alimpelekea mzee unga, alimchotea maji kutoka mbali, alimsomea barua za kliniki. Aliposikia watu wakimsema "yule kipofu aliyeuza mlima," alinyamaza nao.

Kisha kikaja kikundi cha wataalamu waliokuwa wakizunguka wilaya kukusanya maoni juu ya kubadili utaratibu wa leseni za madini kwenye ardhi za vijiji. Watendaji wote waliitwa Butiama, pamoja na wachimbaji wakubwa na wadogo. Aliyeongoza kikao alikuwa mwanasheria kijana, Jenipher, aliyesikiliza huku akiandika kila kitu kwa mkono.

"Tuambieni panapovuja," alisema. "Mimi ninazo karatasi. Nataka mnieleze yanayotokea kabla karatasi hazijanifikia."

Mchimbaji mmoja alisimama. "Tatizo ni wenyeviti, dada. Mnatusumbua sisi bure. Mwenyekiti wa Nyakirongo si aliuza mlima mzima na haoni hata mkono wake?"

Ukumbi ulicheka. Yuliana alijikuta amesimama. Alishika kiti cha mbele.

"Mwenyekiti wa Nyakirongo hakuuza mlima," alisema. "Niliuza mimi."

Kicheko kikakatika vipande vipande. Jenipher aliweka kalamu chini.

"Mama, unajua kwamba unachosema kitaingia kwenye taarifa?"

"Kiandike. Naitwa Yuliana Nyamburi." Akaeleza yote: karatasi tupu, mahudhurio ya pampu, mtu wa Bunda. "Mimi ndiye mwizi, sikatai. Lakini nawaambia ilivyokuwa rahisi. Meza moja, saa moja. Ningeogopa kama ningejua kuna mtu atakuja mlimani kuuliza. Hakuja mtu."

Hakungoja chai. Alirudi Nyakirongo mchana uleule, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Bernado kabla habari haijamtangulia. Alimkuta kibarazani akichambua maharage kwa vidole, akitenga mawe kwa kuyagusa. Alipiga magoti, akasema. Mzee hakuacha kuchambua mpaka Yuliana alipomaliza.

"Uenyekiti ni wa watu," alisema hatimaye. "Wanatoa, wanachukua. Hata ile mikono kanisani, niliwasamehe. Lakini wewe nilikuuliza mbele za watu, ukaniambia nilisaini. Miaka miwili nilikuwaga nalala nikijiambia kichwa nacho kimekufa kama macho. Nikaacha kujiamini hata kwenye sala, nikawa nauliza Marcelina kama nimeshasali." Alisukuma maharage pembeni. "Macho alichukua Mungu. Akili yangu ulichukua wewe, Yuliana."

Hakumwita mwanangu.

"Nifanye nini, Mzee?"

"Watu walinihukumu kanisani. Kaseme kanisani."

Padri alipokuja alimruhusu wakati wa matangazo. Yuliana alisimama mbele akasema kwa maneno machache. Wengine walilia. Magige, aliyekuwa amekaa na gongo lake la kutembelea, alitoka nje. Baada ya misa watu walipanga mstari kumpa Mzee Bernado mkono. Aliwapa wote. Yuliana hakuthubutu kuingia kwenye mstari.

Alifukuzwa kazi. Mahakamani alikiri, akapewa kifungo cha nje, akafyeka majani ya zahanati kwa miezi sita mbele ya watu aliokuwa akiwaandikia barua. Leseni ya Clever ilisimamishwa. Alimpigia simu mara moja tu: "Umenizika hai, dada," akakata.

Mwaka uliofuata utaratibu mpya ulijaribiwa kwenye vijiji vichache, Nyakirongo kikiwemo. Tangazo lilibandikwa wiki tatu, likasomwa makanisani na kisimani. Mkutano ulifanyika mlimani penyewe, si ofisini. Mwombaji aliwatembeza watu kwenye mipaka anayoitaka. Ofisa alihesabu vichwa kwa kidole. Na mihutasari ilisomwa kwa sauti, neno kwa neno, kabla mtu yeyote hajashika kalamu. Clever aliomba upya. Watu walizunguka naye Sambaya asubuhi nzima, wakabishana, wakaketi kwenye majani. Mwishowe walimkubalia upande wa magharibi na kuufunga wa mashariki, na wakamtaka afukie kila shimo kabla ya kuchimba jingine.

Yuliana alikuwa amekuja kutoka Nyasho, Musoma, ambako siku hizi anauza samaki wakavu, dagaa na furu, akasimama nyuma kabisa. Alimsikia Magige akimwambia jirani yake, bila hasira, kama mtu anayeshangaa tu:

"Kumbe ni hivi tu? Sasa tungemkatalia nini huyu mtoto? Wangetuuliza."

Maneno hayo yalimwingia kuliko hukumu ya mahakama. Kama wangeulizwa, chemchemi ingebaki safi, paja la Magige lingebaki zima, na Clever angekuwa na mlima wake kwa haki, akimpigia simu kila Jumapili.

Jenipher alimwona akamfuata. "Mama, mengi mliyoyaona leo yametokana na maneno yako siku ile. Nilitaka ujue."

"Usiniambie hivyo," Yuliana alisema. "Tafadhali."

Watu walipoanza kushuka, Marcelina alimwongoza baba yake kwenye njia ya mawe. Yuliana alisogea pembeni kuwapisha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee Bernado alisimama. Sauti aliijua. "Umekuja na gari la asubuhi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi wahi kushuka, la jioni halingoji mtu."

Akaendelea na safari yake, akipapasa njia kwa fimbo. Yuliana alisubiri hadi walipofika chini kabisa, ndipo naye akaanza kushuka.