Ukanda uliompa marehemu pua mbili

Ni saa mbili asubuhi na Denise Kabezya amekwisha kukasirika. Amesimama mbele ya mashine ya kuchapisha mabango, mkono kiunoni, katika duka dogo karibu na bandari ya Kalemie, kando ya ziwa. Juu ya turubai jeupe inatoka taratibu sura ya mama mzee. Sura hiyo ina pua mbili.

Anazima mashine. Anafyonza.

Nyuma yake yupo Djo, mvuvi wa Zongwe, aliyefika jana kwa boti pamoja na ndugu zake. Wanamzika mama yao, Agnès, leo mchana. Maisha yake yote Agnès alipigwa picha moja tu, ile ya kadi ya uchaguzi, na ndiyo iliyokuzwa kwa ajili ya bango. Hapa mjini bango hutangulia mbele ya jeneza, na wanaokutana nalo njiani husimama kwa heshima. Djo ananyoosha kidole kwenye turubai.

"Mama yetu alikuwa na sura moja," anasema. "Muntu gani atasimama kwa ajili ya huyu?"

Denise ana miaka thelathini na tisa na watoto wanne. Ameifanya kazi hii miaka sita, na anajua kabisa pua ya pili imetoka wapi.

Ndani ya mashine, kutoka upande mmoja hadi mwingine, umetandazwa ukanda mwembamba wa plastiki angavu. Ukiutazama haraka utadhani ni utepe wa kufungia zawadi. Kumbe umejaa mistari midogo sana, karibu mia moja katika upana wa ukucha wa kidole gumba. Kichwa cha wino kinapopita, jicho dogo la taa huhesabu mistari hiyo, na ndivyo mashine inavyojua wino udondoke wapi. Mistari ikifichwa na uchafu, jicho hukosea hesabu, na wino huangukia pembeni.

"Mashine haiangaliaka picha," Denise ananieleza. "Inahesabu mistari tu. Ukiidanganya kidogo, nayo inadanganya batu."

Na uchafu haukosekani. Chini ya dirisha la kulia Mama Gisèle anakaanga mikate, maandazi ya hapa, kuanzia alfajiri, na moshi wa mafuta unaingia ndani kama mgeni aliyealikwa. Denise amemwomba asogee mara nyingi kiasi kwamba sasa wanasalimiana kwa ombi hilo. Gisèle anajibu kwa upole kuwa yeye alikuwa hapo kabla ya mashine, na ni kweli. Mwenye duka, Papa Omer, naye hataki dirisha lifungwe, eti wateja watakufa kwa joto. Alishaahidi kujenga chumba kidogo cha mbao kwa ajili ya mashine. Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka, na Pasaka nyingine inakaribia.

Lakini safari hii lawama si ya moshi peke yake. Juma lililopita spiriti ya kusafishia iliisha, na duka la dawa halikuwa nayo. Denise akatumia lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo ambayo kwa watu wa hapa husafisha kila kitu, kuanzia kioo cha simu mpaka kidonda. Aliusugua ukanda upande wa kulia, penye mafuta mengi. Lutuku ilipokauka iliacha ukungu, akasugua tena kwa nguvu, na baadhi ya mistari ikakwaruzika. Tangu hapo vijana wa bandarini wanapita dukani kuuliza kama mashine imeshalevuka.

"Mi mwenyewe njo niliiharibu," anakiri, na hasira yake sasa inamgeukia yeye mwenyewe. "Mafuta yangetoka. Mukwaruzo hautoki."

Ukanda mpya hupatikana Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na hakuna boti itakayouleta kabla ya mazishi. Papa Omer anashauri bango litoke hivyo hivyo, kwani kwa mbali pua ya pili haionekani. Denise anamtazama mpaka mwenye duka huyo anaondoka kwenda kushughulikia mambo mengine.

Kisha anafungua kifuniko. Anafungua springi inayouvuta ukanda, anautoa kwa ncha za vidole, na kuufuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo ya sabuni, akipangusa bila kusugua. Halafu anaugeuza: mwisho wa kulia anaupeleka kushoto. Mashine huanza kila kazi upande wa kulia, na bango la Agnès ni jembamba, kwa hiyo kichwa cha wino hakitafika penye mikwaruzo kikiwa kinachapa. Kazi ngumu ni kuurudisha ukanda katikati ya mwanya wa jicho bila kugusa upande wowote. Unamponyoka mara mbili. Ndugu mmoja wa marehemu anaanza kulalamika, na Djo anamwomba anyamaze.

Anachapa kwanza mistari ya majaribio. Imesimama sawasawa. Anaweka turubai.

Linatoka paji la uso, kisha macho, kisha pua. Moja. Djo anasogea karibu, anainamisha kichwa, na machozi yanamtoka mbele ya watu wote. Hawangoji wino ukauke vizuri. Wanalibeba bango wakilishika pembeni, mbio mbio kuelekea msibani.

Ningedhani Denise angetabasamu. Yeye anamwita Papa Omer na kumwambia, wateja wakisikia, kwamba kesho hawashi mashine mpaka aone mbao na fundi. Papa Omer anauliza kama huo ni mgomo. Denise anasema aite anavyotaka.

Ninamuuliza chumba kikishakamilika atachapa nini kwanza. Anakaa kwenye kiti, anafuta mikono. Mama yake yuko Pepa, anasema, ni mzee sasa, na picha yake iko moja, nayo ni ya kadi.

"Nitamuleta hapa, nimuchape akiwa muzima," anasema. "Aangalie yeye mwenyewe, aniambie kama njo yeye."