Ngagi wa Chumba cha Mazoezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na viatu vya kisigino. Chef de service, yaani mkuu wa idara, mwanaume mrefu mwenye blouse nyeupe ya hospitali iliyofuliwa mpaka ikalegea, aliviangalia, akasema: "Mademoiselle, hapa mutu akianguka, anaangukia wewe. Utamubeba na hivi viatu?" Nikavivua. Siku ile nzima nilifanya kazi miguu mitupu kwenye simenti ya chumba cha mazoezi, katika hospitali moja ya Ibanda, mjini Bukavu, na ndivyo nilivyoanza ukinezi.

Kinezi ni mtu anayeusaidia mwili urudie kazi zake baada ya kuvunjika, kukatwa au kupooza. Vijana wa leo wamezikuta mashine. Sisi tulikuwa na meza ya kukandia, mifuko ya mchanga ya kufunga mguuni ili misuli ipate nguvu, na mabaa. Mabaa ni fito mbili za chuma zilizosimikwa sambamba, na mgonjwa husimama katikati yake akishika huku na huku anapojifunza kutembea upya. Chef alinifundisha kumwekea mgonjwa kiganja mgongoni bila kumsukuma. "Ajue uko pale," alikuwa akisema, "lakini kazi ikuwe yake."

Alikuwa pia na sherehe yake. Mgonjwa akiacha magongo, chumba kizima kilimpigia makofi, na magongo yakarudishwa kabatini kwa shangwe. Niliipenda sherehe ile. Niliibeba mpaka Minova nilipohamishiwa huko, ambako titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alinipa baraza lake niwakande akina mama walioumizwa mgongo na mizigo ya soko. Niliibeba mpaka Luberizi pia, kwa wakulima wa mpunga, ambako nilitengeneza mabaa ya miti ya mikalitusi. Kila mahali tuliwapigia makofi walioacha magongo. Lakini wale ambao hawangeyaacha maisha yao yote, tuliwafundisha kuyatumia, tukawaaga, na hatukuwa na neno la kuwaambia.

Niliporudishwa Bukavu, chef wangu alikuwa amestaafu na chumba kikawa mikononi mwangu. Mkubwa wangu sasa alikuwa Sœur administratrice, mtawa mpole aliyesimamia hospitali na kupenda kila kitu kiwe mahali pake. Mwaka ule mchoraji mmoja wa mjini, ambaye tulikuwa tumemnyoosha bega, alituletea mchoro mkubwa kama mlango kutushukuru. Alikuwa amechora ngagi, sokwe mkubwa wa misitu yetu, dume la mgongo wa fedha likitoka kwenye mianzi. Lilikuwa linakuja moja kwa moja kwa anayelitazama, kichwa kimeinuka, uzito wote wa mabega umelalia mikono iliyokunja ngumi chini.

Sœur aliutazama kwa muda. "Maman Faida, hapa watu wanahitaji kuona Bikira Maria. Hii nyama ya pori itawapa woga." Kwetu mnyama huitwa nyama.

"Sœur, ofisini kwako nafasi iko?"

"Ah, hapana!" akasema haraka, tukacheka wote wawili. Basi ukatundikwa ukutani kwangu, mwisho wa mabaa, kwa sababu ukuta mwingine haukutosha.

Halafu akaja Maman Nsimire. Alikuwa katekista wa kijiji cha milimani, mwanamke mwenye sauti ya kuimbisha kanisa zima. Gari la mizigo alilopanda lilipinduka, na madaktari wakalazimika kumkata mguu juu ya goti. Kidonda kilipona vizuri. Mguu wa bandia haungemfaa, kwa kuwa nyonga ya upande ule ilikuwa imeharibika. Kwake yangekuwa magongo mpaka mwisho.

Alikataa kuyagusa. Nilimwekea mikononi, akayaacha yaanguke. Mumewe alikuja kumbembeleza, akageukia ukuta. Wiki zikapita, na misuli ya mguu uliobaki ikaanza kunyong'onyea. Mtu akilala sana, hata kiungo kizima hupoteza nguvu. Nilimwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo hatasimama tena kamwe.

Siku moja nilimpeleka kwenye mabaa kwa kiti cha magurudumu. Alipoinua macho akakutana na ngagi, alijifunika uso kwa mikono.

"Muondoe ile nyama! Munanicheka?"

"Nani anakucheka, maman?"

Alilia kwanza ndipo akaniambia. Wifi yake alikuwa amemtembelea, akaona magongo kando ya kitanda, akasema: "Sasa utatembea na miguu mingi kama nyama." Pengine alitaka kufanya mzaha. Lakini neno lile lilikuwa limemwingia Maman Nsimire na kukaa. "Mi nafundisha watoto habari ya Mungu," akasema. "Nitaingia kanisa namna gani, nikiwa kama nyama?"

Nikachukua kiti nipande kuushusha mchoro. Nilikuwa nimeshautia mikono aliposema, kwa sauti ya chini, "Acha kwanza."

Nikashuka. Alikuwa anaitazama mikono ya ngagi. Nilikumbuka kiganja cha chef, nikakaa kando yake.

Kesho yake aliomba arudishwe pale, na siku zilizofuata pia. Hakufanya zoezi lolote. Alikaa mbele ya mchoro na rozari yake, na Sœur alipopita mlangoni alisimama, akatazama, akaenda zake.

Asubuhi moja Maman Nsimire aliniita. "Maman Faida, huyu hakupata accident."

"Sijakuelewa."

"Huyu ngagi. Hakuna gari ilimuangusha. Mungu alimuumba vile tangu mwanzo, aegemee mikono. Alimupa nguvu ya kupita watu, na akamupa kutembea akiegemea. Na angalia uso wake. Haya haiko." Akaigusa rozari yake. "Mi nilikuwa nasema, kuegemea ni azabu. Kumbe Mungu anaweza kukupa kuegemea kama zawadi."

Akanyoosha mikono. "Leta ile magongo."

Nilimsimamisha. Niliweka kiganja mgongoni mwake na kusikia moyo wake ukipiga kupitia nguo. Alitanguliza magongo, akategemeza uzito, mguu ukafuata. Akatanguliza tena. Alikuwa anakwenda kuelekea mchoro, na alipoufikia aliupapasa uso wa mnyama yule kwa vidole, kama tunavyogusa msalaba Ijumaa Kuu. Wagonjwa wengine walianza kupiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza katika chumba kile kumpigia makofi mtu kwa sababu ameshika magongo.

Miezi kadhaa baadaye nilipanda kijijini kwake Jumapili. Aliingia kanisani kwa mlango mkubwa, taratibu, watu wote wakigeuka. Wifi yake alikuwa benchi la mbele, kichwa chini. Maman Nsimire alisimama karibu naye, akamwambia: "Sogea, nipate nafasi." Yule mwanamke akasogea, akampokea magongo, akayashika mapajani misa nzima huku machozi yakimtiririka. Maman Nsimire akaanzisha wimbo.

Nimestaafu sasa. Vijana walionirithi wananiuliza mbinu, nami nawaonyesha: namna ya kupima kiungo kinavyokunjika, namna ya kukanda bila kuumiza. Lakini nawaambia pia wasiharakishe kumfunika mgonjwa kwa maneno. Mungu huzungumza na mtu kwa kile ambacho macho yake yameangukia, na si lazima kiwe kile ambacho sisi tungemchagulia. Zamani niliomba wagonjwa wangu waweze kusimama bila msaada. Siku hizi sijui kama ninamfahamu hata mtu mmoja anayesimama hivyo.

Magoti yangu yamechoka. Juzi nilikuwa nashuka ngazi za parokia baada ya mvua, na mwanamke nisiyemjua akanipa mkono wake. Miaka ya nyuma ningemwambia, "Aksanti, naweza mwenyewe." Niliushika, nikauegemea kwa uzito wangu wote, tukashuka pamoja.